Ramani ya Bahari Yaja, Wavuvi Wauliza: "Siye Tuko Wapi?"

Nilikwenda kijijini kwao mama kuhudhuria khitima, nikajikuta nimekaa katika mkutano wa serikali. Mambo ya pwani ndivyo yalivyo. Mtu hutoka Mombasa kwa ajili ya dua na ubwabwa, akarejea na habari ya kuandika. Kijiji chenyewe kiko Kwale, kusini ya Msambweni, na jina lake silitaji kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele.

Siku hiyo nilikuwa barazani mwa madrasa pamoja na mjomba wangu. Yeye alikuwa akirekebisha mdomo wa lema lililovunjwa na mawimbi ya kusi, nami nikimpa fito moja moja kama nilivyokuwa nikifanya utotoni. Mjomba ni mzee wa miaka themanini kasoro kidogo. Shule hakuiona, lakini ametega malema tangu kabla bendera ya Mwingereza haijashuka, na hadi leo haendi hospitali ila akibebwa. Mara gari mbili zikasimama chini ya mkwaju, wakashuka vijana na karatasi ndefu iliyokunjwa kama jamvi la msikitini.

Wakaifungua ukutani. Ilikuwa ramani ya bahari yetu, yote rangi ya samawati. Juu yake palikuwa na mistari na mafungu ya rangi mbalimbali: hapa hifadhi, hapa njia ya meli, hapa utalii wa kuzamia, hapa kilimo cha mwani. Kijana mmoja mpole, mwenye salamu nzuri, alieleza kwamba serikali inataka kuipanga bahari kama mji unavyopangwa, kila shughuli ijulikane mahali pake, watu wasigongane. Akauliza kama kuna swali.

Mjomba alivaa miwani, akaenda hadi ukutani, akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu sana.

"Mwanangu," akasema, "siye tuko wapi?"

Yule kijana akamwonyesha kidoto cheusi ukingoni mwa nchi, palipoandikwa jina la kijiji.

"Hapo ndipo tunapolala. Mimi nakuuliza tuko wapi baharini."

Palikuwa kimya. Kwa hakika ramani ile ilikuwa na vipimo vya kina, na mwamba ulichorwa vizuri kama picha iliyopigwa kutoka angani. Lakini kuanzia ufuoni hadi mawimbi yanapovunjika hapakuwa na jina hata moja. Kwa mtu asiyejua, ungesema ni maji matupu.

Bwana mkubwa ni nani?

Kabla sijaendelea na kisa hiki, ni haki nimweleze msomaji kwa nini ramani kama hii inatakiwa, maana wako wanaodhani ni mbinu tu ya kuwanyang'anya watu pwani yao. Mimi sidhani hivyo, ingawa sababu za kuogopa zipo.

Pwani ya Kenya ina urefu wa kama kilomita 600, kutoka Kiunga hadi Vanga. Chukua mkoko mmoja tu uliosimama katika mkono wowote wa bahari. Mti ule ni wa idara ya misitu, kwa kuwa mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Kamba wanaokulia katika mizizi yake ni wa idara ya uvuvi. Ikiwa mahali penyewe ni ndani ya hifadhi ya bahari, basi wenyewe ni Shirika la Wanyamapori. Takataka zikimwagwa hapo, anayeulizwa ni NEMA, mamlaka ya mazingira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Chombo kikipita jirani, kina wakubwa wake wa bandari na wa usafiri wa baharini, na tangu mwaka 2018 yuko pia mlinzi wa pwani. Nchi kavu iliyo nyuma ya mkoko hupangwa na kaunti. Uvuvi nao, ukisoma Katiba ya mwaka 2010, utaukuta umetajwa katika kazi za serikali kuu na pia katika kazi za kaunti.

Kila mmoja wa hawa ana sheria yake na faini yake. Mvuvi ana mtumbwi mmoja.

Jaribio la kuwakalisha wakubwa hawa katika meza moja si la leo. Mwaka 1994, Mamlaka ya Maendeleo ya Pwani pamoja na idara nyingine walianza mpango wa pamoja katika eneo la Nyali, Bamburi na Shanzu, ambako mahoteli, wavuvi, hifadhi ya bahari na watu wa mji walikuwa wakisukumana katika ukanda mmoja mwembamba. Sheria ile ya mwaka 1999 nayo ikaitaka serikali iwe na mpango wa pamoja wa ukanda mzima wa pwani. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013, kaunti za pwani ziliunda Jumuiya yao, na katika miaka hii ya karibuni kazi ya kuipanga bahari yenyewe imeanza, serikali kuu na kaunti pamoja, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Nadhani ni kazi iliyochelewa. Tangu mwaka 2009 sakafu ya bahari yetu imelazwa nyaya za mawasiliano zinazopanda nchi kavu hapo Mombasa. Huko Lamu gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa Mei 2021. Bahari imekuwa na wageni wengi, na mwenye nyumba asipojua nani analala chumba gani, kutakuwa na ugomvi usiku.

Yaliyotokea zamani

Lakini mjomba hakuuliza swali lake kwa ujinga. Pwani hii imekwisha kuonja mipango.

Hifadhi za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, zikawa za kwanza za bahari katika Kenya. Ikafuata Kisite, karibu na kisiwa cha Wasini, mnamo miaka ya sabini. Kisha Kiunga mwaka 1979 na Mombasa mwaka 1986. Nani aliulizwa? Mzee yeyote wa Wasini atakwambia kwamba Kisite palikuwa mahali pa riziki, wakaambiwa wasivue tena, nao wakaona mashua za watalii zikienda pale pale walipokuwa wakishusha mshipi. Baadaye wenyeji walipata kazi katika mashua hizo, na wanawake wa Wasini wakajenga njia ya mbao juu ya mikoko na matumbawe ya kale, wageni wakawa wanalipa kupita. Ni jambo la kheri. Lakini lilikuja nyuma ya machungu.

Mwaka 1995 serikali ilitangaza hifadhi nyingine, Diani na Chale. Safari hii wavuvi walikataa kabisa. Hifadhi ikabaki katika karatasi za gazeti la serikali, mwamba ukaendelea kuvuliwa kama kawaida, na kila upande ukamwona mwenziwe adui. Ndipo ilipojulikana kwamba mstari wa kalamu peke yake haumzuii mtu mwenye njaa.

Na Lamu je? Bandari ilipochimbwa katika ghuba ya Manda, njia za wavuvi na mahali pao pa kuvulia viliharibiwa kabla ya wao kuulizwa ipasavyo. Walikwenda Mahakama Kuu iliyoketi Malindi, na mwaka 2018 majaji wakaamua kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu hiyo ilisomwa kila bandari kuanzia Faza hadi Vanga. Malipo yenyewe yalikwenda kwa mwendo wa kobe, lakini funzo lilikwisha kuingia: ukitaka kulipwa kwa ulichopoteza, lazima kwanza ithibitike kwamba ulikuwa nacho. Bilioni hizo hazikutolewa kwa maji matupu.

Haya nisiyaseme kana kwamba hifadhi hazikufaa kitu. Zimefaa, na mvuvi mwenyewe anajua. Wataalamu waliopima miamba yetu kwa miaka mingi wameonyesha jambo ambalo wazee walikuwa wakilisema kwa maneno mengine. Yuko samaki aitwaye kikande, ambaye chakula chake ni wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu wanaotuchoma miguu. Kikande akimalizwa kwa nyavu, wenye miiba huzaana bila kiasi, wakautafuna mwamba hadi ukabaki kama jiwe la kusagia. Mwamba ukifa, tafi na changu hawana pa kujificha. Ndani ya hifadhi kikande yupo na mwamba una uhai. Kule Mombasa watega malema wamegundua siku nyingi kwamba lema likitegwa karibu na mpaka wa hifadhi hutoka zito zaidi, kwa sababu samaki hawajui kusoma vibao.

Wala si lazima hifadhi iletwe na gari la serikali. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe waliona bahari imechoka, hasa baada ya joto la mwaka 1998 lililoyafanya matumbawe kuwa meupe na kufa kwa wingi. Miaka michache baadaye wakajitengea kipande cha kama hekta 30 na kukubaliana kutokivua. Wakapaita tengefu. Watu waliwacheka. Mwaka 2017 waliokuwa wakichekwa walipata tuzo ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wenzao wa Gazi na Makongeni wanaolinda mikoko na kuuza hewa safi yake ng'ambo, fedha wakanunulia maji na vitabu vya shule.

Na tukitaka kwenda mbali zaidi, jambo lenyewe si geni kwetu katika dini. Waliosoma wanajua hima, malisho yaliyotengwa huko Arabuni, karibu na Madina, yasiguswe ila kwa utaratibu. Ng'ambo ya mlango wetu, Pemba, kipo kisiwa cha Misali. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alipofika hapo aliomba msala, akakosa, akasema kisiwa chenyewe ni msala kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Misali ilipofanywa hifadhi mwaka 1998, palitumiwa maafisa na sheria, na baadaye mashekhe nao walikaa na wavuvi wakasoma yale Qurani inayosema juu ya amana ya viumbe. Mvuvi aliyekuwa haoni haya kumkimbia askari aliona haya mbele ya mwalimu wake wa chuo. Ningependa kuona maafisa wetu wa mipango wakijifunza kutoka hapo, badala ya kufika kijijini saa sita ya Ijumaa, kama nilivyowahi kuona mahali fulani, kisha wakashangaa kwamba hakuna mtu mkutanoni.

Kazi ya kuandika majina

Turudi barazani. Yule kijana mpole, nampa sifa zake, hakukasirika. Alisema, "Mzee, ikiwa majina yapo, tuandikieni." Akatoa karatasi tupu na kalamu, akaahidi kurudi baada ya siku mbili. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mgeni asiye na kazi, na watu walijua ninakula kwa kalamu, nikatwishwa ukarani.

Nilidhani ningemaliza kabla ya magharibi. Siku mbili hazikutosha! Majina yalimwagika. Mahali ambapo ramani ilikuwa na rangi moja, wazee walikuwa na mlango, fungu, kina, mkondo na mwamba, kila kimoja kwa jina lake na sababu yake. Nitataja matatu tu ambayo nimeruhusiwa: Mlango wa Pono, Fungu Refu, na mahali paitwapo Kwa Bibi, ambapo mwanamke mmoja wa zamani alikuwa akichokora pweza peke yake kila bamvua.

Hilo la Kwa Bibi lilizua jambo. Mama mmoja mkaanga samaki, hawa tunaowaita mama karanga, alikuwa amesimama nje ya baraza akitusikiliza. Akaingilia kati:

"Mnaandika vyombo vyenu tu. Sisi tunaokwenda kwa miguu maji yakitoka, na mikonjo yetu, mbona hatumo? Huo mwamba wa kavu mkiuacha wazi, kesho hoteli itasema ni wake, nasi tukaambiwa tunawasumbua wageni."

Wanaume walitazamana. Kweli hawakuwa wamefikiri. Nikachukua karatasi nyingine, akina mama wakaja watano, wakanionyesha kwa kidole juu ya mchanga mahali pao pote, na mimi nikaandika. Mmoja akasema amesikia kwamba wanawake wa Pate huko Lamu hufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, akauliza kama na jambo hilo linaweza kuingia katika ramani. Nikamjibu kwamba mimi ni karani tu, lakini nikaliandika kwa herufi kubwa.

Vijana nao walikuwa na yao. Wako wanaovuta juya, wavu ule wa kukokota ufuoni uliopigwa marufuku mwaka 2001 kwa kuwa hukomba hata vifaranga na kung'oa majani ya bahari. Wazee hawakutaka wanaovuta juya waandikwe. Kijana mmoja akasema kwa hasira kwamba juya si lake, ni la tajiri, na tajiri ndiye aliyemkopesha fedha za mahari. Akiacha kuvuta leo, atamlipa kwa nini? Hakuna aliyekuwa na jawabu. Sikuona fungu la rangi yoyote katika ile ramani linaloonyesha deni, nalo ndilo linalowapeleka watu wengi baharini kabla ya alfajiri.

Siku ya pili, baada ya alasiri, karatasi ilikuwa imejaa isipokuwa sehemu moja, nje ya mwamba, upande wa kusini. Niliwauliza wazee, pale pana nini? Wote wakamgeukia mjomba. Mjomba akaangalia fito zake.

Nikakumbuka. Nilipokuwa na miaka kumi aliwahi kunichukua huko usiku wa kaskazi tulivu, akanifunika uso kwa kanga ya mamangu tulipokaribia, akinitania kwamba nahofia bahari. Nilipofunuliwa, mshipi ulikuwa tayari ukivutwa na changu wakubwa kama sinia. Mahali hapo alipaonyeshwa na babake, naye kwa babake. Hupatikana kwa alama mbili za nchi kavu: kitu fulani kikipandana na kitu kingine, na upande wa pili vivyo hivyo. Asiyezijua alama hizo atapita juu yake miaka mia asipaone.

"Mjomba," nikamwambia kwa sauti ya chini, "usipopataja, watadhani hapana kitu. Wakitaka kupitisha meli watapitisha hapo. Utakwenda mahakamani na nini?"

"Na nikipataja," akasema, "kesho kila mwenye mashine na kile chombo cha kuonyesha njia kwa satelaiti atakuwa juu yake. Kusi mbili hazitapita, patakuwa jangwa. Hebu nambie weye uliyesoma, lipi nafuu, kuporwa na mgeni au kuporwa na jirani?"

Msomaji, niliishika kalamu bila kuandika. Nimehudhuria mikutano mingi ya maendeleo, nimesikia maneno mengi ya kuwashirikisha wananchi, wala sijapata kusikia mtu akitueleza jambo hili: kwamba elimu ya mvuvi ndiyo mali yake, na kuiweka ukutani ni kuitoa bure. Serikali humwuliza mwenye duka aonyeshe leseni. Haimwulizi ataje faida yake mbele ya washindani wake.

Kijana mpole alirudi asubuhi ya siku ya tatu kama alivyoahidi. Alizisoma karatasi zetu moja baada ya moja, akashangaa kwa dhati, nami nilimwona akiyatamka majina kimoyomoyo. Alisema yataingia yote katika ramani itakayopelekwa mbele, na kwamba kijiji kitaletewa nakala kabla ya jambo lolote kutiwa sahihi. Nimeiandika tarehe hiyo katika kitabu changu. Kisha naye akaona ile sehemu iliyobaki wazi upande wa kusini.

"Na hapa, wazee?"

Mjomba aliinuka, akaja polepole hadi mezani. Akachukua kidole changu kilichoshika kalamu, akakiweka juu ya karatasi, si pale hasa, bali karibu yake, akakizungusha duara kubwa mno lililomeza nusu ya bahari ya kusini.

"Jina lake ni nini, mzee?" kijana akauliza.

"Jina haliandikwi," mjomba akajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Andika hivi: hapa pana wenyewe."